Maji Nyuma ya Gari la Balozi

Gari la Balozi lilipotoka nyumbani kwake Washington, Madamu alimwaga jagi la maji nyuma yake. Kwao Uturuki ndivyo anavyosindikizwa msafiri: aende kama maji, arudi kama maji. Ni desturi ya safari ndefu, lakini Madamu kwa woga wake alimwaga hata mume akienda mkutanoni tu. Mimi, mpishi wao, nilicheka jikoni peke yangu.

Walinichukua kutoka Kinshasa, Balozi alipohamishiwa Marekani. Mdogo wangu Baraka, dereva wao, alibaki kwa sababu ya mchumba.

Vita vikafika ukingoni mwa Kinshasa. Kwa kuwa waasi walitokea mashariki, sisi watu wa Bukavu tukageuzwa maadui; ukisikika unaongea Kiswahili, umekwisha. Balozi, mtu wa sauti ya chini, alishinda akifokea simu, akiwatafuta mabalozi wenzake wa zamani. Mmoja, aliyekuwa Brazzaville, akakubali kumpokea Baraka ng'ambo ya mto. Kilichobaki ni Baraka kufika kwenye boti.

Akapiga simu. Nyuma ya mnong'ono wake nilisikia risasi.

"Dada, niko natoka sasa. Batu ya Kiswahili banatafutwa mu kila avenue. Usinijibu, batasikia sauti yako."

Nikaweka simu chini.

"Anatoka," nilimwambia Madamu.

Akanyakua jagi, akakimbia nje peku, akamwaga maji uani. Hapakuwa na gari.

Sikucheka.

Nikaosha masufuria safi. Nikayaosha tena. Nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani kana kwamba Baraka angetokea kwenye barabara ile.

Simu ikalia. Balozi alisikiliza, kisha akaniangalia. Boti ilikuwa imefika bila Baraka.

Hakuna aliyewahi kuniambia alianguka wapi. Mpaka leo, hapa Laurel ninapoishi sasa, karibu na Washington, simu ikilia nasimama kwanza ndipo nijibu.

Baadaye Balozi alisafiri kwenda Ankara. Madamu alishika jagi mlangoni, akaniona, akashindwa. Nikalichukua mkononi mwake, nikamwaga mwenyewe.

Balozi alirudi mzima, na pipi za kwao kwenye boksi. Nilimpokea koti, nikamuuliza habari za safari, nikaingia jikoni. Alikuwa amehangaika kwa ajili ya Baraka kuliko mtu yeyote, na nilimchukia kwa sababu alirudi.