Hesabu ya Mpiga Ngoma wa Murara

Mpiga ngoma wa kundi la muziki wa punk la mtaa wa Murara huchomelea milango mchana kutwa, na vidole vyake havitulii hata akila: hugonga meza, sahani, hata goti la jirani. Jumamosi alikuja mazoezini kuaga.

"Nimechoka, Joviale. Tunapigia kuta kelele, hakuna mutu anatusikia."

Joviale, mwimbaji wao, akatoa simu. Alimfungulia wimbo wa vijana wa Bujumbura. Kabla ya gitaa, sauti ngeni ikahesabu: "Moja, deux, tatu, ine!" Mpiga ngoma ndiye aliyeanza kuhesabu hivyo, alipochanganya Kiswahili na Kifaransa kwa woga kwenye onyesho lao la kwanza.

"Kosa lako limevuka mupaka, limefika Bujumbura, muzee!" akasema Joviale.

Mpiga ngoma akaurudia wimbo mara tatu, kichwa chini.

"Ine yao inachelewa," akasema, akaketi nyuma ya ngoma. "Waambie wakuje, nitawafunza."