Mgeni Aliyepiga Picha Milango

Machale yalimcheza Dada Cuilian tangu pale mgeni yule aliposhuka kwenye basi la asubuhi, akaulizwa ukoo wake, akatabasamu bila kujibu. Hapa Shiwei, mji wetu wa pwani ya China, mtu haanzi kuulizwa jina. Anaulizwa ukoo, kisha kijiji cha baba yake, ndipo apewe chai. Huyu alisema tu, "Niiteni Wenhui, natoka Manila," akapokea chai, akaanza kutazama mapaa ya nyumba zetu.

Nilikuwa kizingitini nabanja chaza wa kuuza. Cuilian, jirani yangu wa ukuta mmoja, akaniinamia sikioni.

"Xuezhen, acha chaza wako. Leo mgeni tunamtembeza wawili. Huyu simwamini."

"Unamwamini nani wewe? Hata kuku wako unawahesabu mara mbili."

"Ndiyo maana bado ninao."

Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kamati ya mji ilimpa kazi ya kuwatembeza wageni kwa sababu ukuta wetu wa kale ulipobomoka, mawe yake aliyabeba yeye na wanawake wenzake kwa mabega. Isitoshe, ndiye aliyeshika ufunguo wa nyumba ya mababu wa ukoo wa Cai, kwa kuwa ni mke wa Cai Bingkun. Bingkun alikwenda Manila kutafuta maisha tangu kabla ya vita, na barua zake zilikuwa zimekoma miaka ishirini. Mke akabaki analinda nyumba ya mumewe, anaezeka paa, anazibua mifereji, anagombana na wanaosogeza mipaka.

Sasa, mwaka uliotangulia, kijiji cha pili walipata mgeni kama huyu. Kijana safi, ametoka ng'ambo, anaomba aonyeshwe vitu vya kale. Wakamwonyesha, wakamlisha. Baada ya mwezi akarudi na karatasi: kumbe ni mtoto wa mke wa pili wa huko ng'ambo, na nyumba ni ya baba yake. Bibi aliyekuwa akiitunza tangu usichana wake leo analala kwenye kibanda cha nyavu. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Cuilian alikuwa hajaumwa. Alikuwa amemwona mwenzake alivyovimba.

"Nitamchosha," aliniambia huku akifunga kitambaa chake chini ya kofia ya mianzi. "Ukuta wote, mnara wa taa, kisima cha askari, hekalu. Mpaka atakapokumbuka basi lake, mtaa wetu atakuwa hajaukanyaga."

Tulianza na ukuta. Cuilian akaeleza habari za askari waliowalinda watu dhidi ya maharamia, akaonyesha mwamba wenye umbo la kobe, akaonyesha bahari. Mgeni akaipa bahari mgongo, akainua kamera yake, akaanza kupiga picha mji. Si mji wote hata. Alikuwa anapiga picha milango.

"Ile yenye paa jekundu karibu na kisima," akauliza, "ya nani?"

"Ya bibi mmoja mkali sana," akajibu Cuilian. "Usiisogelee. Ina mbwa."

Nikajikohoza nisicheke. Mbwa hakuwapo. Mkali ndiye huyo aliyekuwa mbele yake.

Kwenye mnara wa taa hakupanda ngazi. Kwenye hekalu la Mazu, mungu wa kike wa mabaharia wetu, hakuomba chochote. Alisimama akitazama mito ya kupigia magoti ilivyochakaa.

"Wake wa walioondoka walikuwa wanaomba hapa?"

"Mpaka magoti yakaota sugu," akasema Cuilian. "Waume hawakusikia. Labda Manila kuna kelele."

Mgeni akainamisha uso. Mimi nikasema moyoni, huyu ana lake jambo.

Mchana tulikula chaza waliokaangwa na mayai. Mgeni akachagua kile kipande kinono, akamwekea Cuilian kwenye bakuli. Cuilian akamrudishia. Akamwekea tena. Akarudishiwa tena.

"Anayekulisha minofu anataka kitu," Cuilian akaninong'oneza. Kweli, hata chai haijaletwa, mgeni akasema:

"Shangazi, nipelekeni kwenye nyumba ya mababu wa Cai."

"Imefungwa."

"Lakini ufunguo naona unaning'inia kiunoni mwako."

Angelikataa ombi lile angekuwa amekiri woga, na Cuilian hakupenda kuonekana mwoga. Tukaenda. Akafungua, akasimama yeye mwenyewe kati ya mgeni na meza ya vibao vya majina ya wazee. Kibao cha Bingkun kilikuwa pembeni, kimechongwa mapema kama wengi wafanyavyo: jina la mume, jina la mke, na kila jina limefunikwa kwa ukanda wa karatasi nyekundu. Karatasi maana yake mtu yu hai. Siku akifa, inabanduliwa. Kila mwaka mpya Cuilian alikuwa akibandika nyingine.

Mgeni akazunguka upande wa pili, akachukua vijiti vitatu vya udi, akaviwasha, akapiga magoti mbele ya kibao kile.

"We!" Cuilian akapiga ukelele. "Shika adabu yako! Unamfukizia udi mtu mzima na roho yake? Unamwombea mume wangu kifo?"

Nikamkamata yule bwana mkono wa shati. Hakuinuka. Akagusa sakafu kwa paji la uso mara tatu, na alipoinua kichwa machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mama Mkubwa," akasema.

Nikamwachia shati. Hakuna amwitaye mwanamke hivyo ila mtoto wa mke mwenziwe.

Cuilian akashika ukingo wa meza. "Lini?"

"Miaka kumi na moja sasa. Moyo."

"Kumi na moja! Nimebandika karatasi mara kumi na moja! Mnanifanya mwendawazimu?"

"Tuliogopa barua itakuletea taabu, Mama Mkubwa."

"Haya, toa karatasi zako. Unataka nyumba, sema nyumba."

"Nyumba ni yako. Baba mwenyewe alisema. Mama anaomba kitu kimoja tu, jina lake nalo liandikwe ubavuni pa Baba."

"Kumbe hila yenyewe ndiyo hiyo!" nikafoka. Nilidhani Cuilian atamtemea mate, na ningemsaidia. Ubavu ule ndio mali pekee aliyoipata katika ndoa yake. Siku ya harusi Bingkun alikuwa Manila tayari, na mahali pake alisimamishwa jogoo aliyefungwa utepe mwekundu. Angekuja, vita vikaja. Picha yake moja iliyopata kufika, Cuilian aliichoma kwa mkono wake pamoja na barua, mwaka ule watu wenye jamaa ng'ambo walipokuwa wakihojiwa. Miaka arobaini na sita mke wa mtu, na hakuwahi kumtia machoni.

"Mama yako yuko wapi?" akauliza.

"Nyumba ya wageni, pale kituoni. Anaogopa. Aliniambia nitangulie, nijifanye mtalii, nione kama una hasira."

Cuilian akaibandua karatasi iliyofunika jina la mumewe, polepole, kwa kucha. Akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akatutoa nje wote, akafunga mlango.

"Twende tukamchukue."

"Dada!" Nikamvuta pembeni. "Unamkaribisha kwako? Unajua alichokuja kutafuta?"

"Sijui. Nitamchunguza." Akaiweka sawa kofia yake. "Ila nina swali, Xuezhen, na duniani hakuna mwingine wa kunijibu. Nataka kumuuliza kama Bingkun alikuwa anakoroma."