Upepo Kiganjani

Ipo siku moja ya kijijini kwetu Kiegei naikumbuka, mwanangu, kila nisikiapo mwalimu akimkaripia mtoto kwa Kiingereza. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, na Kiingereza changu nilikivaa kama suti kwenye jua la Nachingwea: kilinibana, lakini sikukivua.

Tulikuwa tumemaliza arobaini ya dada yangu, mwalimu wa chekechea kule Ruangwa. Alimwacha binti yake Salma, wa miaka minne, kwa mama yetu. Tangu msiba mtoto hakusema neno. Mama aliogopa kwamba sauti yake imezikwa pamoja na mzazi wake.

Mchana ule tulikuwa uani tukipepeta ufuta. Mle ndani ya ghala la korosho ikatoka sauti ya dada yangu.

"Ulimi kati ya meno, Salma. Puliza kiganjani. Umesikia upepo? Haya, senkyuu."

Ilikuwa yenyewe, mpaka kale kakohozi kabla ya "haya". Ungo wa mama ukasimama hewani. Kuku nao wakanyamaza, au ndivyo nilivyosikia. Tukachungulia. Salma alikaa gizani, kiganja mbele ya mdomo wa mwanasesere wa gunzi, akifundisha.

Nami, msomi, nikaikumbuka kazi yangu. Ile sauti ya ulimi kati ya meno, "th" ya "thank you", ilitoka "s", kama dada alivyozoea. Kwetu hata thelathini ni selasini. Nikafungua mdomo nimsahihishe. Samaki mkunje angali mbichi, sivyo?

Mama akanishika mkono. "We Hamisi, nyamaza! Utamfukuza mwenzie."

"Mwenzie nani, mama?"

"Kwani hukumsikia?"

Salma akageuka, akatutazama, kisha kwa sauti yake mwenyewe akasema, "Bibi, naomba maji."

Mama alilia akikimbilia mtungi.

Ile sauti ngumu ya "th" ilikuja baadaye, meno ya utotoni yalipong'oka na mengine kuota. Hakuna aliyemfundisha, au niseme, mimi sikumwona.

Mwanangu, samaki mbichi hukunjika, lakini pia huchanika. Mtoto hachukui sauti tupu. Humchukua msemaji, na kikohozi chake, na hasira zake. Basi ukimfundisha mtoto, mtamkie taratibu, mwache akosee, umngoje. Siku moja utakuwa umeondoka, na bado utasemwa kwa kinywa chake. Mola akujalie upole, ili atakayekusikia ghalani asikimbie.