Mwaka Nilioacha Kumwongelesha Kibukusu

Binti yangu alipofika miaka minne alikuwa na maneno kumi na moja. Nilikuwa nimeyaandika nyuma ya kalenda: maji, ng'ombe, baba, hapana. "Mama" lilikuja la nane, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba hilo liliniuma.

Tunaishi Kapseret. Mimi hushona sare za shule. Mume wangu anafuga ng'ombe watatu wa maziwa. Mimi ni Mbukusu, yeye ni Mkikuyu aliyekulia mji mdogo wa Burnt Forest, na nyumbani tulikuwa tunaongea lolote lililotangulia mdomoni. Mtoto nilimwogesha kwa Kibukusu, baba yake akamwita ale kwa Kikuyu, sisi kwa sisi Kiswahili. Siku moja mwalimu wa chekechea akanivuta kando.

"Mama, huyu mtoto ana akili," akasema. "Ni nyinyi mnamchanganya. Chagueni lugha moja."

Nilimwamini, na siku hiyo hiyo nikaacha Kibukusu nikashika Kiswahili. Kiswahili changu ni cha shule na cha kazi. Kinajua kupima kiuno na kuuliza bei ya kitambaa. Mtoto akianguka akaumia goti, maneno yaliyonijia yalikuwa ya mama yangu, nami niliyameza. Nilimpangusa damu kimya. Kwa mwaka mzima nilimlea hivyo, maneno yake yakafika ishirini na kitu, nikajiambia dawa inafanya kazi.

Mume wangu ndiye aliyesema twende hospitali mjini. Masikio yakapimwa, yakawa sawa. Tukaelekezwa kwa mtaalamu wa matatizo ya kuongea, mwanamke kijana aliyevua viatu akaketi na binti yangu kwenye mkeka.

"Nipe kijiko," akamwambia. Akapewa.

"Weka kijiko nyuma ya kikombe." Mtoto akakitia ndani.

"Kabla ya kunipa kikombe, gusa pua yako." Mtoto akampa kikombe papo hapo, akamtazama usoni akingoja kusifiwa.

Pua anaijua. Kikombe anakijua. Nilikuwa nimedhani shida yake ni kuyatoa maneno tu, kumbe hata yale yanayoingia yalikuwa yanampita, hasa yakija mengi kwa pamoja. Nikakumbuka mara zote nilizomgombeza nikidhani ni mkaidi.

"Sauti inafika sikioni vizuri," mtaalamu akatueleza. "Kazi inakuwa ngumu ikifika kwenye ubongo. Kuna sehemu za kushika sauti, za kukumbuka maneno, za kuyapanga, na njia za neva zinazoziunganisha. Kwa watoto kama huyu, inaonekana njia hizo zimekua tofauti tangu mapema sana, pengine tangu tumboni. Si kidonda. Hata tukimpiga picha ya kichwa, huenda tusione kitu. Na yako mengi ambayo bado hatuyajui."

"Si zile lugha tatu?" nikauliza.

"Hapana, Mama. Angepata shida hata kwa lugha moja. Wewe unamwongelesha ipi?"

Nilipomweleza, aliweka kalamu chini. "Rudi kwenye lugha yako," akasema. "Ile unayoiongea bila kufikiria ndiyo itampa maneno mengi."

Kisha akauliza kama katika familia kuna mtu aliyechelewa kuongea. Nikasema kwetu hakuna. Mume wangu aliangalia kofia yake aliyoishika mkononi.

"Mimi," akasema.

Tulikuwa tumeoana miaka tisa. Alisema alianza kuongea akikaribia miaka mitano, na kwamba shuleni alichapwa kwa kushindwa kusimulia hadithi aliyosomewa, mpaka akaacha shule darasa la sita akaenda kukamua ng'ombe. Watu walimwita mpole. Nami nilimpendea upole huo.

"Nilijua mimi ni mjinga tu," akasema.

"Si ujinga, Baba," mtaalamu akamjibu. "Na shida hii mara nyingi hutembea kwenye familia."

Jioni ile nilimwogesha binti yangu kwa Kibukusu. Nilikuwa na aibu kidogo, kama mtu anayerudi kwenye nyumba aliyoihama bila kuaga. Alinitazama mdomo muda wote.

Sasa ana miaka minane. Mwalimu wake wa sasa humpa agizo moja moja, na shida yake haijaisha. Bado hupindua sentensi, na wenzake wakiongea haraka hujitenga. Wiki iliyopita ng'ombe alizaa, binti yangu akiwa peke yake na baba yake zizini. Akaja jikoni kunisimulia. Kwa maneno yake, ndama alisimama kabla hajazaliwa, kisha kukawa na miguu, kisha maji. Nilikuwa na neno lake mdomoni, lile alilokuwa akilitafuta, na baba yake, aliyesimama mlangoni na ndoo, akanitikisia kichwa nisiseme. Tukangoja. Chai ikachemka ikamwagika, na hakuna aliyekwenda kuiepua.

"Halafu?" baba yake akamuuliza.

Akaanza upya, kuanzia kwenye miguu.