Raundi Mbili za Baba Mapacha

Mtaani walimwita Baba Mapacha, wateja wakamwita Fundi, na jina lake lenyewe lilibaki kwenye vyeti kabatini. Alikuwa na miaka arobaini na minne, kitambi cha mtu anayekaa kutwa mbele ya cherehani, na uchovu ambao haukuwa wa siku moja. Ulimwingia kidogo kidogo, kama vumbi la kitambaa linavyoingia kwenye mashine, hata akawa hakumbuki lini alikuwa hana.

Watoto wenyewe walikuwa wasichana wa miaka saba, Pacha Mkubwa na Pacha Mdogo. Walipishana dakika kumi na mbili, na yule mkubwa dakika hizo alizifanya cheo. Mama yao alikuwa karani wa mapokezi hospitalini, anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anarudi giza linaingia. Kwa hiyo kuwavisha watoto, kuwachana nywele huku wanalia, kuwapeleka shule, kuwafuata, kukaa nao kwenye hesabu za kutoa, yote yalimwangukia Fundi. Katikati ya hayo ndipo alipotakiwa kushona suruali za watu, na watu nao kila mmoja anaitaka yake kesho.

Sasa, pale shuleni kila mwaka kulikuwa na siku ya michezo, na mwisho wake mbio za mzazi na mtoto. Mnafungwa mikono pamoja kwa kipande cha kitambaa, mnazunguka uwanja raundi mbili. Mwaka uliotangulia mama alikimbia na Pacha Mkubwa, baba akakimbia na Pacha Mdogo. Raundi ya pili haijafika nusu, pumzi zikamwisha Fundi. Akakaa chini kwenye majani, akafungua mkono wake, akamwambia mtoto, "Tangulia, mama, nakuja." Hakwenda. Mtoto alimaliza peke yake, kitambaa kinamning'inia mkononi, na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko ni kicheko.

Fundi alilisahau jambo hilo. Mtu mwenye kazi nyingi husahau, na hiyo ni neema mojawapo ya kuwa na kazi nyingi. Basi siku moja amekwenda kuwachukua watoto, mwalimu wa michezo, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kuita watu uwanjani, akamsogelea taratibu.

"Pole kwa kuumwa, Fundi."

"Nani anaumwa?"

"Si wewe? Pacha Mdogo ametuambia baba yake ana ugonjwa wa moyo, mwaka huu hawezi kukimbia naye."

Fundi akatazama viatu vyake. Kusema mwanawe mwongo mbele ya mwalimu hakuweza. "Nimepata nafuu," akasema.

"Basi kama ni nafuu tu, zimebaki wiki tisa. Ngoja nikuandikie mazoezi ya mtu anayeanza." Mwalimu akachana karatasi ya daftari, akaandika pale pale, daftari limelala juu ya paja. Wiki ya kwanza, mbio dakika moja, mwendo dakika moja na nusu, mara nane. Siku tatu kwa wiki. Na kila wiki mbio zinarefuka kidogo.

Jioni Fundi akamwita mtoto. "Uliwaambia naumwa?"

Mtoto aliendelea kufungua kamba za viatu. "Unaumwa."

"Naumwa nini?"

"Umechoka kila siku."

 Baba akaenda kubandika maji.

Alianza Jumanne, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa kuwa hiyo ndiyo saa pekee ambayo mkewe alikuwa bado nyumbani na watoto wamelala. Alivaa raba alizopakia nyumba rangi, zenye madoa, na fulana ya kulalia. Kichwa chenyewe kilikuwa bado kwenye mto. Alipofika kona ya pili akakutana na muuza maziwa anasukuma baiskeli yake.

"Fundi, na futi shingoni? Unaipima barabara?"

Kweli, futi ya kupimia ilikuwa inamning'inia shingoni. Alikuwa ameivaa kwa mazoea, kama mtu mwingine anavyovaa saa.

"Nataka kuishonea suruali," Fundi akasema, na maneno hayo yakammalizia pumzi zote za dakika ile.

Alirudi nyumbani amelowa, amekasirika. Mkewe alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazini. "Vipi, Baba Mapacha?"

"Usiniongeleshe."

"Chai iko mezani."

"Hiyo ndiyo niongeleshe."

Angefuata karatasi, pengine pasingekuwa na hadithi. Lakini fundi anayeijua kazi yake hakati kitambaa sawasawa na kipimo. Anaacha upana wa vidole viwili ndani ya mshono, na kwenye nguo ya mtoto anaacha hata vitatu, maana mtoto anakua na nguo itafumuliwa iongezwe. Miaka ishirini Baba Mapacha alikuwa akikata hivyo, na mikono ikishazoea jambo, kichwa nacho hufuata. Karatasi ikisema dakika moja, anakimbia moja na nusu. Ikisema mara nane, anafanya kumi. Siku tatu akazifanya nne, na Jumapili moja, mkewe akiwa amepumzika, akaongeza ya tano. Moyoni alijiona ana akiba. Aliona siku ya michezo ikifika atakuwa na kitu cha kufumua na kuachia.

Wiki ya tatu ugoko wa mguu wa kulia ukaanza kumwaka moto. Akaukanda kwa maji ya chumvi, akaufunga kwa kitambaa, akakimbia nao. Alhamisi hakuweza kukanyaga cherehani. Mashine yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na mguu wa kulia ndio uliokuwa ukiongoza. Alikaa mbele yake asubuhi nzima anakanyaga kwa kushoto peke yake, na uzi unakatika kila baada ya shibiri moja. Mchana akachechemea hadi shuleni.

Mwalimu wa michezo akamkalisha kwenye benchi la darasa la kwanza, magoti yakamfika kidevuni. Akaubonyeza ugoko. Fundi akashika ukingo wa benchi.

"Ulifanya kama nilivyoandika?"

"Niliongeza kidogo."

"Kwa nini?"

"Ibaki akiba."

"Akiba ya nini, Fundi?" Mwalimu alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyemeza kifungo. "Mwili si gauni. Utapumzika wiki mbili, halafu unaanza upya, wiki ya kwanza. Dakika moja ni dakika moja."

"Zitakuwa zimebaki wiki nne."

"Basi utafika wiki ya nne. Mbio dakika tatu, mwendo dakika moja na nusu, mbio tena dakika tatu. Raundi mbili hutazikimbia zote. Katikati utatembea."

Wiki mbili hizo Fundi alilala kama gogo na kuamka kachoka vilevile. Kisha akaanza tena, dakika moja, mwendo, dakika moja. Simu aliitegesha imhesabie dakika, na kila ilipolia akasimama, hata pale miguu ilipokuwa inataka kuendelea, na kusimama huko kulimchosha kuliko kukimbia.

Jumamosi ya mwisho, Pacha Mdogo alikuwa sakafuni anaokota pini kwa sumaku, kazi aliyoipenda. Fundi akaacha kukanyaga.

"Sikiliza. Siku ya michezo, raundi zote mbili sitaweza kukimbia. Katikati nitatembea."

"Kama mwaka jana?"

"Mwaka jana nilikaa."

Mtoto akatazama pini. "Watacheka."

"Ndiyo, watacheka."

"Utatembea sana?"

"Dakika moja na nusu. Halafu tunakimbia tena."

"Na mimi nikikuvuta?"

"Ukinivuta nitakaa."

Mtoto akafikiri. "Nitakwambia siku hiyo," akasema, akarudi kwenye pini zake.

Siku yenyewe mtoto hakusema kitu. Walipoitwa wa mbio za wazazi alikuwa amesimama upande wa mama yake, na Pacha Mkubwa ameshafungwa kwenye mkono wa pili wa mama. "Nikimbie na wote wawili?" mama akauliza kwa sauti ya chini. Fundi alikuja na kitambaa, akanyoosha mkono, akangoja. Hakubembeleza. Jua lilikuwa kali, na alikuwa ameamka tangu saa kumi kumalizia magauni mawili. Mtoto alitazama kwingine kabisa, akatoa mkono wake.

Wakafungwa fundo. Firimbi ikalia.

Walikimbia taratibu, na watu wengi wakawapita. Raundi ya kwanza ikaisha, ya pili ikaanza, simu ikalia mfukoni. Fundi akaanza kutembea. Upande wa wazazi mtu mmoja akacheka, na wengine wakamsaidia. Pembeni kulikuwa na majani yale yale, mabichi, yenye kivuli, na miguu yake iliyataka kama mtu anavyotaka maji. Pacha Mdogo alifupisha hatua. Hakuvuta.

"Bado?"

"Bado."

"Sasa je?"

"Bado, mama."

Wenzao wote walikuwa wameshafika, na mwalimu wa michezo alikuwa bado ameishika kamba ya mwisho, anawakatalia watu waliotaka kuikunja. Simu ikalia. Wakakimbia kile kipande kilichobaki, wa mwisho kabisa, wakavuka kamba pamoja.

Walianguka chini pale pale. Fundi alijaribu kulifungua fundo, lakini jasho lilikuwa limelikaza.

"Acha," mtoto akasema, akaanza kulitafuna kwa meno.

Mama akaja na Pacha Mkubwa, simu mkononi. "Simameni tupige picha."

"Pigeni nyinyi," Pacha Mdogo akasema, fundo mdomoni. "Sisi hatuwezi kusimama."