Jiko la Gesi la Mama

Ikifika Desemba, simu yangu hujaa matangazo ya zawadi za wapishi. Sufuria zisizoshika chini, visu vya rangi, mashine za kukatia vitunguu, aproni zenye maneno ya kuchekesha. Walimu wenzangu hapa Usa River huniuliza nitamnunulia mama nini mwaka huu, maana wanajua kwetu ni watu wa kupika. Huwa nawajibu kwamba zawadi ya mpishi ni kitu cha kuogopa. Wanacheka, na mimi nawaacha wacheke.

Mama anaishi juu ya Kikatiti, kule barabara ya vumbi inakokwisha na kubaki njia za miguu kati ya migomba na kahawa. Usharika mzima unaujua mkono wake. Harusi, msiba au kipaimara, yeye ndiye huitwa kusimamia masufuria makubwa, na wanawake wenye umri wake humpisha bila kinyongo. Baba alipofariki, watu walidhani atadhoofika. Siku ya arobaini alipika mwenyewe.

Na katika kupika kwake kote, mama haonji. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake: mpishi anayeonjaonja ni mlafi, au hajui kazi. Hufunua kifuniko, huinama, hunusa mara moja, kisha husema, "Bado chumvi," au, "Epueni." Sikuwahi kumwona akikosea. Maziwa yakiwa jikoni aliweza kuwa shambani anakata majani ya ng'ombe, mara umwone anakuja mbio huku ameshika kanga, na kweli, akifika ndiyo kwanza yanaanza kupanda. Hatukuwahi kufuta maziwa yaliyomwagika katika jiko la mama.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, mwezi wa tano, katikati ya mvua na baridi, mama alishikwa na mafua makali yaliyomlaza wiki mbili. Akapona, akarudi kwenye masufuria yake, nasi tukamshukuru Mungu tukasahau.

Mwezi wa kumi nilipanda kumwona, Jumamosi moja. Nikiwa bado getini nilisikia harufu ya maharage yanayoungua. Nikakuta moshi umejaa jikoni, na mama amekaa kwenye kigoda kando ya sufuria, ametulia, anachambua mboga.

"Mama, maharage!"

Aliruka. "Najua. Nilitaka yakauke kidogo."

Mama yangu, ayakaushe maharage mpaka yawe mkaa! Nilitaka kumtania, lakini nilipouona uso wake nikaepua tu sufuria. Baadaye alinipa bakuli la loshoro, ule uji wetu wa ndizi na maziwa ya mgando. Nilipolisogeza mdomoni, harufu ya mafuta ya taa ikanipanda puani. Kibuyu cha maziwa kilikuwa kimelala kando ya dumu la mafuta hayo, na dumu lilikuwa linavuja. Yeye bakuli lake alikuwa ameshalimaliza.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nikamwondolea bakuli mkononi, nikamuuliza moja kwa moja, na yeye hakujisumbua kukana.

"Pua yangu ilikufa na yale mafua," alisema. "Nilidhani itarudi, na haikurudi."

"Tumwambie kaka. Kuna madaktari mjini."

"Nilishakwenda. Walisema nisubiri." Akanishika mkono, na mama si mtu wa kushikana mikono. "Kaka yako akijua, kesho yake atanichukua Dar. Ataniketisha sebuleni niangalie televisheni kama mgonjwa, na dada wa kazi anipikie. Nitakufa mwanangu, nakwambia kweli. Krismasi inakuja na mtaanza kuniuliza nataka zawadi gani. Wewe yangu nimeshakutajia. Unyamaze."

Nikamwahidi. Nilimhurumia, na zaidi nilijivuna kidogo kwamba siri hiyo amenipa mimi, kitinda mimba, badala ya kaka ambaye siku zote ndiye mwenye neno la mwisho.

Desemba ilipoingia, kaka akaandika kwenye kundi letu la familia: mama apewe nini? Tulimpigia kumuuliza, na mama akajibu kama mama yeyote wa mlimani anavyojibu, "Mimi sina shida, njooni tu salama." Kwetu mzazi hataji anachokitaka. Akitaja ataonekana anadai. Kwa hiyo watoto humchagulia, na mzazi hupokea kwa vigelegele hata kama ameletewa kitu kisichomhusu, kisha hukifungia kabatini. Nyumba zetu nyingi zina makabati ya namna hiyo.

Jioni ile kaka akatuma picha. Jiko la gesi la kisasa, la plate mbili, na mtungi mkubwa.

Nikaandika kwamba mama amezoea mafiga yake, labda tumpelekee blanketi zito. Kaka akajibu, "Wewe uko karibu naye kuliko sisi wote, halafu unataka aendelee kulia na moshi?" Na alikuwa na haki, macho ya mama yalikuwa yameanza kuharibika. Nikaandika ujumbe mwingine, huo wa kweli. Nikausoma. Nikaufuta. Mpaka leo nakumbuka herufi zikirudi nyuma moja moja mpaka pakabaki patupu.

Mkesha wa sikukuu, mchana, kaka alifika na mkewe na mtoto wao mdogo. Mama akapiga vigelegele, akalishika lile jiko, akalisifu. Kaka alilifunga palepale katika jiko la mama, kibanda cha mbao kilicho nyuma ya nyumba, kando ya mafiga. Upepo wa mlima ukawa unayumbisha moto, basi akachukua nyundo, akaziba dirisha kwa ubao, na nyufa zote za ukutani akazipachika matambara. Alifanya kazi ile kwa upendo mkubwa, huku anapiga mluzi. Mimi nilisimama mlangoni nahesabu misumari.

"Mama, sikiliza," alisema alipomaliza. "Hii gesi wameitia harufu mbaya kusudi. Ukiisikia tu, funga hapa, fungua mlango, usiwashe kitu. Umeelewa?"

"Nitaisikia," alisema mama, na akanitazama mimi.

Ningeweza kusema palepale. Wote walikuwepo, na mchana ulikuwa mweupe. Lakini nilimwona mama amesimama katikati ya jiko lake na kanga mpya kiunoni, nikajiambia baada ya sikukuu nitatafuta namna. Nilikuwa mwoga, sina jina lingine la kuita jambo lile.

Asubuhi ya Krismasi, kabla ya ibada, wifi alikwenda jikoni kupasha uji wa mtoto, akarudi ndani kumvalisha. Mimi nilikuwa uani naosha ndizi. Mama aliinjika maziwa ya chai kwenye gesi, kisha akachukua panga akaenda kukata majani ya mgomba ya kufunikia chakula. Nilimwona akipita. Nikawaza kuyaangalia yale maziwa, halafu jirani akapita akanisalimia, nikapotelea kwenye maongezi.

Mama alirudi na majani yake, akaingia jikoni akausukuma mlango nyuma yake kwa sababu ya baridi. Alitaka kuwasha mafiga ili ainjike nyama. Mimi nikanyanyua beseni la ndizi nikamfuata, nikausukuma mlango kwa goti. Ile harufu ikanipiga usoni. Maziwa yalikuwa yamemwagika na kuuzima moto, gesi inatoka kwa sauti ndogo, na mama amepiga magoti mbele ya mafiga. Ameshika njiti kwa mkono mmoja na kiberiti kwa mwingine.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka beseni likianguka. Nilimpiga mama mkononi, mimi mtoto nikampiga mama yangu, kiberiti kikaruka, nikamburuta kwa mabega mpaka nje. Kaka alitoka mbio, akafunga mtungi, akang'oa ule ubao aliougongomea mwenyewe. Kisha tukasimama uani.

"Nani aliacha maziwa?" kaka aliuliza.

Mama alikuwa amekaa chini, anapangusa magoti. "Nilimwachia mkeo ayaangalie," alisema.

Wifi alitoka na mtoto mkononi. "Mama, hukuniambia."

"Nilikwambia."

"Mama aseme uongo?" kaka alifoka. "Mama hajawahi kumwaga maziwa maisha yake yote! Ungeniulia mama yangu siku ya Krismasi?"

Alimsema mbele ya majirani waliokuja kuona kuna nini. Wifi alinitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa uani na ndiye ningejua nani alisema nini. Mama pia alinitazama. Nikainama kuokota ndizi.

Tulikwenda ibadani tukaimba. Mchana chakula kilikuwa kingi. Wifi alihudumia watu wote bila kukaa. Tulipokuwa tunaosha vyombo aliniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, labda mama aliniambia kweli. Nilikuwa namvalisha mtoto, mtoto analia. Labda sikusikia." Alikuwa ameshaanza kuamini kwamba nusura aue mtu. Nami nikaendelea kusugua sufuria.

Kaka alikuwa amepanga kukaa mpaka mwaka mpya. Kwa hasira akasema wanaondoka kesho yake. Asubuhi, kabla ya kupakia mizigo, alilirudisha lile jiko kwenye mtungi. "Ubao nimeurudishia, baridi isikusumbue," alimwambia mama. "Litumie wewe peke yako. Asiguse mtu mwingine, wewe ndiye mwenye akili ya moto."

Gari likawashwa. Mama alikuwa nyuma anashindilia mkungu wa ndizi kwenye buti, maana hakuna anayeondoka kwetu mikono mitupu. Wifi alishusha kioo.

"Wifi, unisamehe," alisema. "Nimewaharibia sikukuu."

Nikamwambia kaka azime gari. Aliniuliza kuna nini, nikamwambia tena azime, kwa ukali ambao sijawahi kumtolea.

"Mama hasikii harufu," nilisema. "Tangu mwezi wa tano. Mimi najua tangu mwezi wa kumi. Maziwa aliyaacha yeye, na wifi hakuambiwa kitu."

Kaka alishuka. "Mama, ni kweli?"

Mama alifunga buti taratibu mpaka likabana. Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo wa kufuli la jikoni. Nikanyoosha mkono. Akanipita kama mtu anavyoupita mti. Akazunguka gari mpaka dirishani, akamwekea wifi ule ufunguo kiganjani na kumfumba vidole kwa mikono yake yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia. "Nilikusingizia. Niliogopa."

Wifi akaanza kulia. Mama akaenda kukaa kwenye benchi lililo mbele ya jiko, akatugeuzia mgongo. Kaka alishusha tena mizigo, mmoja mmoja, na mchana ulipokaribia hakuna aliyethubutu kuuliza atapika nani.

Hakuchukuliwa Dar. Alikataa katakata, na kaka hakuwa na uso wa kumlazimisha. Yuko kwangu Usa River, anakaa barazani, ananiitikia shikamoo yangu kila asubuhi kwa upole. Najua nilimwokoa, na ningerudia tena leo hii. Kila mchana namwekea sahani mbele yake. Anakula, anaimaliza, anasema asante. Hajawahi hata siku moja kuniambia kama nimepika vizuri au vibaya.