Kioo cha Rubani

Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo miguu yangu haikutulia. Nilichekecha mchanga wa dhahabu kule Geita, nikabeba marobota ya pamba Mhunze, na katika miaka ya sabini nikajikuta Shinyanga mjini, nimeketi kando ya meza ya fundi saa kwa sababu tu nilitaka kujua saa ina nini ndani.

Fundi alikuwa mzee mwenye asili ya Tabora. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba macho yake yamekwisha, na saa zikaanza kupelekwa kwingine. Aliyenong'ona kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa jirani yake wa baraza moja, fundi cherehani.

Basi mhandisi mmoja wa mgodi wa almasi wa Mwadui, akifungasha kurudi kwao Ulaya, akamwachia mzee boksi la ndege ya plastiki ya kuunganisha. Vipande vingine vilikuwa vidogo kama punje za mtama.

"Nitaiunda, niiweke kwenye kabati la kioo pale mbele," mzee alisema. "Anayesema sioni, aje aitazame."

Kiingereza cha kwenye karatasi hatukukijua. Tulifuata picha na namba. Miguu ya magurudumu ilitusumbua. Ilikuwa myembamba kama njiti za kiberiti, ikatakiwa kusimama mshazari, na kila tukiiachia inalala. Mzee akaiegemeza kwenye donge la ugali uliobaki mchana mpaka gundi ikashika.

Kikabaki kioo cha kumfunika rubani, kimoja tu, chembamba kama ganda la kitunguu. Nikataka kwanza kuona gundi ile inafanya nini. Nikaipaka kwenye kipande cha plastiki angavu kilichosalia, kikageuka cheupe kama maziwa.

"Tukibandika hivi," mzee alisema polepole, "jirani atasema hata ndege yangu ina mtoto wa jicho."

Nikakumbuka utomvu wa mgunga tuliokuwa tukiumung'unya machungani. Nilienda nje ya mji nikaubandua mitini, nikauloweka kwenye maji ya moto, nikauchuja kwa kitambaa, nikaujaribu. Ulikauka ukabaki angavu. Mzee akakishusha kioo kwa kibano, mkono hautikisiki, tukaiacha ndege rafuni ikauke.

Nilichosahau ni kwamba tulichokuwa tukimung'unya sisi, wadudu nao wanakipenda.

Kesho yake ndege ilikuwa kabatini na mzee kwenye kigoda chake kule ndani. Fundi cherehani akaja, akainama, akatafuta kasoro kutoka mkia hadi pua.

"Bebe, njoo uone!" aliniita, akisema "wewe" kwa Kisukuma chake. "Rubani kapakia mdudu! Na mwenye ndege hana habari."

Nikachungulia. Kweli, sisimizi alikuwa amenasa chini ya kioo, begani mwa rubani.

Mzee hakuinua kichwa. "Sisimizi huyo kakatika mguu wa nyuma, wa kushoto. Nimemwacha. Ni abiria."

Fundi cherehani akabandika pua kwenye kabati, midomo ikicheza kama anayehesabu miguu. Kisha akavua saa yake, akaingia ndani, akaiweka mezani.

"Inachelewa," alisema.

Alipoondoka nikamuuliza mzee: ule mguu aliuona kutoka pale kigodani, au asubuhi alipitisha lenzi yake ya kukuzia kabla sijafika?

"Wewe unataka kujua kila kitu," akasema, akaifungua saa ya jirani. "Nipe kibano."